Watano wa Nyumba ya Mavji

Kwetu Bhimsar ukimkimbiza kuku asubuhi, kabla hujamkamata umeshaingia nchi ya watu. Falme za kwetu ndivyo zilivyokuwa, nyingi na ndogo, kila moja na bwana wake, farasi wake sita na mzinga mmoja ulioota kutu mbele ya lango. Bwana wa Bhimsar na bwana wa Lakhavad walitoka kwa babu mmoja, na kwa sababu hiyo hiyo hawakusalimiana. Juu yao wote alikaa sahibu Mwingereza, mbali huko kambini kwake, kazi yake kuhakikisha hawapigani. Basi wakaacha kupigana kwa panga, wakaanza kupigana kwa barua.

Walichogombea, ukikiona utacheka. Kipande cha ardhi kando ya kijito, mawe na miiba, mbuzi mwenyewe hapiti hapo mara mbili. Ila ndani yake kilikuwa kisima chetu.

Nasema chetu, maana yake sisi wafumaji. Kisima cha kijiji hatukigusi. Wakulima na mabwana wanasema tukitia ndoo yetu maji yananajisika, ingawa nguo tunazofuma sisi wanazivaa mpaka kwenye hekalu na hakuna aliyewahi kujikuna. Kwa hiyo babu zetu walichimba cha kwao, katika mwamba, kwa miaka mitatu, na Mungu akawapa maji matamu kuliko ya kijiji. Bwana wa Lakhavad aliyataka kwa bustani yake mpya. Bwana wa Bhimsar aliyataka kwa kuwa wa Lakhavad ameyataka. Sisi hakuna aliyetuuliza kitu.

Mimi ni Valu, mkunga. Nusu ya watu wa mtaa wetu walitoka mikononi mwangu, ndiyo maana nasema na yeyote ninavyotaka. Uani kwangu pana mwarobaini na vitanda viwili vya kamba, na watu huja kuomba kaa la moto wakabaki mpaka chakula. Sipendi nyumba kimya. Jirani yangu wa ukuta mmoja ni Mavji, binamu wa marehemu mume wangu, na ukuta wenyewe ni mfupi kiasi kwamba najua leo wamepika nini kabla ya wao kuonja.

Mavji alikuwa na kazi ya kurithi: kujua mpaka. Vijiji vyote vya kwetu kazi hiyo hupewa watu kama sisi, kwa sababu sisi ndio tunaoburura ng'ombe waliokufa mpaka mwisho wa ardhi, na anayefika mwisho wa ardhi kila siku ndiye anayeujua. Baba yake alimzungusha tangu mdogo, wakifukia makaa chini ya kila jiwe, ili jiwe likihamishwa makaa yabaki kusema. Na Mavji hakuna aliyewahi kumsikia akisema uongo. Ilikuwa kero. Mkaribishe chakula, muulize, "Kimekolea, shemeji?" Atakwambia, "Hapana," mkono ungali kwenye sahani.

Barua zilipofika mwaka wa tatu sahibu alikuja mwenyewe, mvua zilipokwisha, na hema na meza na karani. Kila upande ulileta ramani yake, na katika kila ramani kisima kilikuwa ndani. Sahibu akazitazama, akajipangusa shingo. Ndipo waziri wa Lakhavad, mtu mwembamba mwenye sauti ya upole, aliposimama akasema kwa nini tusifuate desturi ya wazee? Achaguliwe mtu mmoja tunayemkubali sote. Avikwe maua mekundu shingoni, abebe ngozi mbichi ya ng'ombe kichwani, atembee. Anapopita ndipo mpaka. Ikipita miezi sita nyumba yake haijafiwa, amesema kweli, na mpaka ni huo milele. Akifa hata mmoja, kiapo ni cha uongo, na ardhi ni ya upande wa pili.

"Na mtu mwenyewe nani?" karani akauliza.

"Mavji wa Bhimsar," akasema waziri.

Tulishangaa. Mtu wa kwetu? Waliochagua ni Lakhavad? Bwana wetu akakubali kabla mwenzake hajabadili mawazo. Sahibu alisema kitu kwa Kiingereza, karani akatafsiri nusu: kwamba yeye mwenyewe haamini mambo hayo, lakini kama wakubwa wote wawili wanaridhika, waandike na watie mihuri, na baada ya hapo asisikie tena jina la kijito hiki maishani mwake. Wakatia mihuri.

Mavji alitembea asubuhi ya pili. Watu walijaa kama harusini, wakulima upande wao, sisi upande wetu, wauza njugu katikati. Ngozi ilikuwa ya siku moja, inadondoka, nzi wamemvaa uso mzima na yeye hawafukuzi. Alikwenda polepole, kutoka jiwe la mkwaju mpaka penye kijito, na mahali penye shaka wakachimba nyuma yake wakakuta makaa. Kisima kikabaki upande wetu. Wanawake tulipiga vigelegele mpaka karani akaziba masikio.

Halafu karani akakaa mezani akachovya kalamu. "Sasa. Nyumbani kwako mko wangapi?"

"Watano," Mavji akasema. "Mimi. Mke wangu Jethi. Mwanangu Khimo. Mke wake Puri. Na mama yangu, Kadvi."

"Mama ana umri gani?"

Mavji akafikiri. Angekuwa mtu mwingine angesema sitini. "Miaka tisini, bwana. Labda na miwili."

Waziri wa Lakhavad akainamisha kichwa akatabasamu kwenye masharubu yake, na hapo ndipo sote tulipoelewa kwa nini walimchagua Mavji. Hawakutaka mkweli. Walitaka mtu mwenye mama mzee.

Sahibu naye alielewa, nilimwona. Alimwambia karani jambo, karani akamwonyesha mihuri. Karani akasoma la mwisho: katika hao watano asilale yeyote nje ya kijiji mpaka miezi sita iishe, isije ikawa mtu amekufa kwa jamaa zake akafichwa. Lakhavad wataweka mlinzi ng'ambo ya kijito.

Basi ndivyo maji ya nyumba arobaini yalivyoning'inia kwenye pumzi za bibi mmoja.

Bibi mwenyewe alikuwa hatari. Jicho moja limekufa, meno hana, lakini ulimi mzima. Ujanani mwake ndiye aliyekuwa akiongoza vilio vya misiba; akifa mtu katika vijiji saba wanamfuata na mkokoteni. Wiki ile ile kasri la Bhimsar lilileta gudulia la samli, sukari guru, maziwa kila asubuhi, na mganga wa mfalme juu ya farasi. Mganga hakuweza kumgusa mtu wa aina yetu. Alisimama njiani, kitambaa puani, akaniamuru mimi nishike mshipa wa mkono wa bibi nimweleze.

"Unapigaje?" akapaza sauti. "Unaruka kama chura? Unajikunja kama nyoka? Au unatembea kama bata?"

"Anasemaje huyo?" Kadvi akauliza.

"Anauliza mshipa wako unakwendaje, mama."

"Mwambie kama farasi wake. Ukiona chakula unakwenda."

Nikamwambia kama bata. Akaridhika, akaandika.

Miezi minne tuliishi hivyo, na sitakuficha, tulicheka sana. Uani kwangu palijaa kila siku. Wanaume waliacha kufuma wakaja kuuliza bibi amelalaje, amekula ngapi, amekohoa? Akikohoa mara mbili mtaa mzima unasimama. Wakamtengenezea kivuli asipigwe jua, wakamzuia kuinama, wakamnyang'anya hata ufagio. Watoto walijipanga mlangoni akiwalambisha samli kwa kidole kwa siri, maana mjumbe wa kasri alikuwa anapima gudulia.

"Miaka tisini," aliniambia siku moja, "samli nimeonja harusini kwangu na siku ya kumzika baba yako mkwe. Leo nanyweshwa kama mwana wa mfalme. Valu, hebu niambie kweli. Nikitaka kufa, ruhusa naomba kwa nani?"

"Usiseme hivyo, mama!"

"Nasema. Kazi yangu nimeshamaliza. Hata kufa kwangu wamekwenda kutia muhuri."

Lakini alinenepa. Mashavu yalirudi, sauti ikarudi, akawa anamtukana Jusab, mlinzi wa Lakhavad, kutoka kwenye ngazi ya mlango mpaka ng'ambo ya kijito bila kusimama.

"We Jusab! Mke wako amekutupa, ndiyo umekuja kukaa kunitazama mimi?"

"Nakutazama kwa uzuri wako, bibi!" Jusab akajibu. "Uko mzima leo?"

"Nakuzika wewe kwanza!"

"Inshallah, bibi, inshallah!"

Alikuwa mtu mzuri, Jusab. Tuliwahi kumwekea kitunguu na mikate ya uwele juu ya jiwe, akangoja tuondoke, akala.

Wakati huo wote Puri tumbo linakua. Siku Mavji alipobeba ngozi binti alikuwa na mimba ya miezi mitatu, hata haijaonekana. Miaka kumi na saba, mpole, akicheka anaziba mdomo kwa ncha ya shela. Kwetu mtoto wa mimba ya kwanza hazaliwi ukweni. Mwezi wa saba mwanamke anajazwa nazi na mchele mapajani, anaimbiwa, kaka yake anakuja na mkokoteni wa ng'ombe kumchukua, anakwenda kuzaa kwa mama yake, ambaye atampakata na kumtukania mume kama inavyopasa. Tuliimba. Kaka yake akaja. Mjumbe wa kasri akasimama mbele ya ng'ombe.

"Huyu ni mmoja wa watano," akasema. "Haendi."

"Ni mimba ya kwanza, bwana," Jethi akasema. "Ni desturi."

"Ngozi nayo ni desturi. Akitoka, Lakhavad watasema kafa tumemficha. Mnataka maji au hamtaki?"

Jethi aliniangalia, mimi nikamwangalia Mavji, Mavji akaangalia chini. Tulikuwa tunataka maji. Kaka mtu akageuza mkokoteni mtupu, nazi zikabaki kwetu. Puri alikwenda akashika ufagio akafagia pale ng'ombe waliposimama.

Mwezi wa sita wa kiapo ulipokaribia kuisha miguu yake ikavimba. Halafu uso. Asubuhi moja akaniambia, "Shangazi, kichwa kinaniuma, na naona kama nzi weupe mbele ya macho." Mimi kazi hii nimeifanya miaka thelathini. Nilijua nzi hao. Niliwaona kwa wanawake wanne kabla yake, na mmoja tu ndiye niliyemwona tena sokoni.

Nikamngoja mganga njiani. Nilisahau hata kujifunika vizuri. "Bwana mganga, kuna binti humu, amevimba, mimba yake—"

"Mzee anaendeleaje?"

"Mzee mzima. Binti ndiye—"

"Samli anakula?"

"Bwana, binti naye ni katika watano! Jina lake limo kwenye karatasi!"

Akafikiri kidogo, ni lazima niseme hivyo, alifikiri. "Mimi nimetumwa kwa mzee," akasema. "Mambo ya uzazi ni ya wanawake, na wewe si ndiye mkunga?" Akaniachia unga wa mizizi ndani ya jani, akaudondosha chini nikauokota. Nikampa Puri. Ungekuwa majivu ungefanya kazi ile ile.

Uchungu ulimshika kesho yake, na kifafa kikaja pamoja nao. Sitaeleza. Nilimshika mimi kichwa, Jethi miguu, na kijiti cha mwarobaini katikati ya meno yake. Mtoto alitoka wa kike, mdogo, akapiga chafya badala ya kulia. Puri hakumwona. Adhuhuri, jua la kiangazi likiwa juu ya paa, alivuta pumzi moja ndefu na nikangoja inayofuata. Nikangoja. Nilikuwa na mkono wangu kifuani kwake na nilikuwa nikingoja bado wakati Jethi alipofumbua mdomo kulia.

Gova, mdogo wake marehemu mume wangu, aliyekuwa mlangoni, akaingia akamziba mdomo kwa kiganja. "Siku tisa," akamnong'oneza. "Shemeji, zimebaki siku tisa."

Kilichofuata nimekiona kwa macho yangu na mpaka leo sijui tuseme nini. Watu walikuja uani kwangu, wote, kama kawaida, na hapakuwa na sauti. Thelathini, arobaini, wanawake wameuma shela zao. Nyuma ya ukuta mtoto anapiga chafya. Wakazungumza kwa midomo tu.

"Tuseme anaumwa."

"Tumlaze ndani, tumzike chini ya kitanda cha kamba. Baada ya siku tisa tutamtoa, tumpe haki yake yote."

"Na joto hili?"

"Tutachimba kirefu."

Khimo, mume wake, alikuwa amekaa amekumbatia magoti. Hakuna aliyemuuliza kitu. Macho yote yalikuwa kwa Mavji.

"Wakiniuliza nitasema nini?" Mavji akasema.

"Hawajakuuliza," Gova akajibu. "Kaka, kutouliza ni kwao. Wewe nyamaza tu. Kunyamaza si uongo."

"Ni nini?"

"Ni maji, kaka! Ni maji ya hao watoto."

Mavji akamtazama kila mmoja wetu, taratibu, kama anavyotazama mawe yake. "Siku tisa sizijui," akasema. "Leo nyamazeni."

Kwa hiyo na yeye alikubali. Nalisema hili kwa sababu baadaye watu walisema hakukubali. Alikubali, nilikuwepo.

Tuliyemsahau ni Kadvi. Miezi sita kasoro siku tisa hatukumsahau hata dakika, na saa hiyo ndiyo tuliyomsahau. Alikuwa amejikokota mwenyewe kutoka kivulini kwake, ameshika ukuta, ameingia chumbani akampapasa Puri uso, mdomo, miguu. Alipotoka alisimama kwenye ngazi ya mlango.

"Nani amekufa humu?" akauliza.

"Mama, polepole," Jethi akasema.

"Mtoto wa watu amekufa nyumbani kwangu. Mbona sisikii kitu?"

"Mama, siku tisa tu. Kwa ajili ya kisima."

"Mimi mmenikataza kufa," Kadvi akasema. "Nikakubali, nikala samli yenu. Na huyu mnamkataza kuwa amekufa?"

Gova akamwendea, mikono mbele. Akachelewa. Bibi akajipiga kifua, akarudisha kichwa nyuma, akaanza. Alianza pale panapostahili, kwa jina la Puri na jina la baba yake na jina la kijiji chao, akamwita mama yake aje amchukue, akawaita ng'ombe waliorudishwa, na sauti ile, enyi watu! Miezi sita ya samli ya mfalme ilikuwa ndani yake. Ilipita juu ya mapaa, ikashuka bondeni, ikavuka. Jethi akausukuma mkono wa Gova pembeni, akapokea kilio. Kisha mimi. Nisijifanye bora, sikuwaza kisima wala maji. Nilikuwa nimezuia tangu adhuhuri, na aliyeanza alikuwa mkubwa wetu, na kwetu mkubwa akianza, mdomo wako si wako tena.

Jusab alikuwa ameshasimama ukingoni mwa kijito. Nilikwenda mpaka kwenye ukingo wa upande wetu.

"Mama Valu!" akapiga kelele. "Bibi?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi ni mbuzi. Niambie ni mbuzi amekufa, mama, naandika mbuzi!"

Nyuma yangu mtaa mzima unalia jina la Puri. Ng'ambo, nyuma yake, wachungaji wa Lakhavad walikuwa wameshasimama wanasikiliza, wanne, watano. Akawaona. Akavua kilemba chake akakaa chini juu ya jiwe, na baada ya muda akainuka akaenda kusema alichotumwa kusema.

Sahibu hakuja mpaka ulipokwisha mwezi mwingine. Meza ile ile, karani yule yule. Safari hii nilijipenyeza mpaka mbele, nikasema bila kuulizwa.

"Mwambie wanawake hufa wakizaa. Mwambie nimezika saba kwa mikono hii, na waume zao hawakuwahi kubeba ngozi yoyote."

Karani akamwambia. Sahibu akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu.

"Anauliza, karatasi inasema mtu afe kwa sababu gani?"

"Haisemi," karani akajijibu mwenyewe, akageuza karatasi kutafuta. "Inasema akifa."

"Basi mwambie aandike nyingine! Yeye si ndiye mkubwa wao?"

Sahibu akajibu kwa sauti ndogo. Alikuwa mwekundu na hakututazama. Karani akasema, "Anasema anasikitika. Anasema akifungua hili, itabidi afungue mipaka yote iliyofungwa kwa namna hii, na ni mingi. Wakubwa wametia mihuri. Yeye kazi yake ni kulinda mihuri." Waziri wa Lakhavad hakutabasamu siku ile. Hakuhitaji. Bwana wetu wa Bhimsar alipanda farasi akaondoka kabla kalamu haijakauka, na jioni mjumbe wake akaja kuchukua gudulia la samli, pamoja na iliyobaki ndani.

Wakajenga ukuta kuzunguka kisima, na lango. Bustani ya Lakhavad, naambiwa, ina makomamanga.

Sisi sasa tunakwenda kisima cha kijiji. Hatukisogelei. Tunakaa na mitungi yetu chini ya ngazi, tunangoja mwanamke wa kikulima mwenye huruma, au mwenye nafasi, atumiminie kutoka juu. Siku nyingine ni alfajiri tu umeshapata. Siku nyingine wanapita wote wanazungumza, na wewe umekaa hapo na mtungi mpaka kivuli chako kinakuwa kifupi. Kadvi alikufa mwaka uliofuata, usingizini, hakuna aliyeandika. Mtoto wa Puri anaishi. Nilimlea kwa maziwa ya mbuzi.

Lililoniumiza zaidi si kiu. Watu walianza kusema. Mwanzo kwa Lakhavad, hilo ulitegemee. Halafu kwa wakulima. Halafu, Mungu anisamehe, uani kwangu, kwenye vitanda vyangu vya kamba: kwamba pengine Mavji alikosea. Pengine ngozi iliyomziba macho ilimpeleka pembeni hatua moja, mbili. Makaa? Makaa hata baba yake aliweza kuyafukia vibaya. Maana kiapo ni kiapo, na binti amekufa, si amekufa? Niliwafukuza. Wakarudi, wakanyamaza nikiwa karibu.

Mavji mwenyewe alikuwa akitoka kila asubuhi na fimbo, anakwenda kwenye jiwe la mkwaju, anatembea mpaka anapokutana na ukuta mpya, anarudi, anatembea tena. Jethi aliacha kumwekea chakula kwa saa. Khimo hakuzungumza naye.

Siku moja nimerudi na mtungi nusu, nikamkuta amekaa kwenye ukuta wetu mfupi, ananingoja.

"Valu," akasema, "wewe siku ile ulikuwepo. Nilipofika jiwe la tatu, lile lililopasuka. Nilinyooka, au nilipinda mkono wa kulia?"

"Ulinyooka, shemeji."

"Uliona?"

"Kwa macho yangu mawili. Ulinyooka kama uzi."

Akakubali kwa kichwa. Uso ukalegea kidogo, nikafurahi, nikashusha mtungi.

"Ulikuwa umesimama wapi?"

"Pale na wanawake wote. Chini ya mkwaju."

Nikamwona anatembea kichwani mwake, kutoka mkwaju mpaka jiwe la tatu, hatua kwa hatua.

"Kutoka mkwajuni lile jiwe halionekani," akasema, bila hasira. "Kuna mwinuko katikati."

Akashuka ukutani, akaokota fimbo yake.

"Asante, Valu," akasema, akashika njia ya kijito.